Vihusishi vya Alhamisi

Grimsby, ghorofani, juu ya duka la dobi.
Mashine zinanguruma chini ya nyayo zetu,
na Bwana Ellwood, karani mstaafu wa reli,
anaweka kikombe juu ya meza: "on".
Anatumbukiza kalamu mfukoni: "in".
Anasimama mlangoni, hajaingia, hajatoka: "at".
Tunacheka. Rahisi kama kumeza mate.

Kisha anaharibu.
Ndani ya gari ni "in", ndani ya basi ni "on".
"Kwani huku mnapanda juu ya paa?" anauliza Nanuli.
Bwana Ellwood anakuna shavu:
"Mama, na mimi niliikuta hivyo."

Nanuli ametoka Kutaisi, Georgia.
Kwao kineno hicho hakitangulii;
hung'ang'ania mkiani mwa jina
kama mtoto aliyeshika upindo wa gauni,
hakiliachi hata likikimbia.
Huku, anasema, vineno vinatembea vyenyewe,
mbele, bila koti,
na kila siku vinampotea.

Anasugua sakafu za hospitali, zamu ya usiku.
Mara moja alimwandikia mwenye nyumba: niko "in" hospitali,
kodi nitaleta kesho.
Mwenye nyumba akaja na maua na supu ya kopo.
"Mfanyakazi ni 'at'," Bwana Ellwood alisema, akijifuta machozi ya kicheko.
"Mgonjwa ndiye 'in'."
Nanuli akaandika kiganjani.

Baridi ilipoingia, Vazha, mumewe, akawa "in".
Wodi ya saba.
Yeye na ndoo yake walikuwa "at",
ghorofa mbili chini.

Alikosa majuma matatu.
Aliporudi hakuvua koti. Zoezi lilikuwa la wakati:
saa, siku, mwezi, tungeni sentensi.
Akaandika ubaoni polepole, chaki ikilia:
alikufa "at" saa kumi na dakika tano,
"on" Jumanne,
"in" Februari.

Yote matatu sahihi.
Bwana Ellwood aliinua chaki nyekundu atie vema,
mkono ukabaki hewani.
Chini, mashine moja ikamaliza mzunguko, ikanyamaza.

"Na hiki?" Nanuli akatoa fomu ya serikali mkobani.
"Ulinifundisha: nimeolewa 'to' Vazha.
Nilikuwa nakosea, nasema 'with'.
Sasa wameandika mjane 'of'.
Nani amekibadilisha?
Mimi sijahama."