YAH: Maombi ya Nakala ya Talaka

Karani wa Masjala,
Mahakama ya Mwanzo, Bulongwa,
Wilaya ya Makete.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni Ezelina O. Tweve, mkulima.
Naandika kwa mkono, maana pale steshenari
umeme haujarudi tangu ukungu wa Jumatatu.
Ndimi yule wa kitenge cha kijani
uliyemwambia, mara ya kwanza, aende wilayani,
na wilayani wakamwambia arudi kwako,
na kwako akakuta kufuli na kikaratasi: Nipo msibani.

Naomba nakala ya talaka ya wazazi wangu.
Uliniuliza mwaka, nikasema sijui.
Mama alihesabu kwa namna yake:
mwaka ule sakitu ilipochoma viazi
shamba zima likanuka mboga iliyochacha,
mwaka bei ya pareto ilipoanguka
watu wakatandika maua kitandani kufukuza viroboto.
Ukacheka. Ukasema daftari halina safu ya sakitu.

Sababu ya maombi:
mama ana siku arobaini na moja kaburini,
na baba zangu wadogo wamekwisha kupima kwa kamba
ile misonobari mia tatu aliyoipanda peke yake
ng'ambo ya korongo. Wanasema mke wa Tweve hana chake,
na talaka ya mdomo ni upepo wa Kitulo,
unausikia, huushiki.
Baraza la kata limetaka karatasi.

Nami nililelewa na hadithi moja, karani:
kwamba baba alimfukuza usiku
na sufuria moja, na mimi mgongoni.
Mashangazi waliisimulia wakimenya viazi.
Mama hakukanusha. Alichochea kuni.

Basi ile Alhamisi, ulipochoka kuniona mlangoni,
ukanipa ufunguo wa kabati la nyuma.
Majalada ya chini mchwa walikwisha kuyahukumu.
Nikafungua daftari baada ya daftari:
ng'ombe waliokula mahindi ya jirani,
matusi kilabuni,
shoka lililoazimwa lisirudi,
wino umepauka kama chai ya rangi
iliyochujwa mara ya tatu,
hadi ukurasa mmoja, kona yake imeliwa:

Shauri la Ndoa namba kumi na saba.
Mdai: Orida Chaula.
Mdaiwa: Obadia Tweve.

Nikasoma tena. Nikadhani mwandishi alikosea,
akageuza majina kama mtu avaaye viatu gizani.
Lakini chini palikuwa na dole gumba la zambarau
na kovu likilikata katikati.
Kovu la mundu. Nalijua;
lilikuwa likinikwaruza kila aliponifuta makamasi.

Mdai.
Alitembea mwenyewe, basi, toka Ipelele,
matope hadi magotini, nami mgongoni kweli,
na sufuria, labda ya kunikorogea uji njiani.
Alilipa ada. Aliitwa, akasimama. Akataja sababu zake,
nazo zimo kwenye jalada,
nalo jalada limo tumboni mwa mchwa.

Kwa hiyo sidai hukumu nzima.
Naomba ule mstari, na lile dole,
kwa muhuri usiopakazwa.
Ada nimelipa. Risiti nimeishonea hapa kwa uzi,
pini dukani zimekwisha.

Nakala ziwe mbili.
Moja ni ya baraza, na ya kamba ya baba zangu wadogo.
Ya pili haina sababu ya kiofisi.
Fomu ikilazimisha, andika tu: matumizi binafsi.

Nitakuja Jumanne kwa lori la viazi
daraja likiwa bado lipo.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
E. O. Tweve

(Hiyo O, miaka yote shuleni, ilikuwa Obadia.
Kwenye nakala yangu, kama haikusumbui,
isome Orida.)