Glavu Tisa

Fainali ya vyuo, Chang'ombe, saa nane mchana.
Viatu vimeshakula chokaa ya mistari,
na glavu ni tisa tu, za timu zote mbili:
tukimaliza kudaka tunaziacha nyasini,
wao wanaziokota.

Hii yangu huvaliwa pia na Nyamizi wa Tabora.
Hatujasalimiana. Namjua kwa jasho lake
lililobaki ndani, penye kidole gumba,
na kwa uzi mwekundu alioshonea palipochanika
jana usiku, bila kuniambia.

Raundi ya saba. Wawili wameshatoka.
Tumpale yuko besi ya tatu, anachezacheza
kama yumo kwenye rede,
mwili upande, mpira umpite,
mchanga bado haujafika shingo ya chupa.

Nikapiga.
Mpira ukapaa. Nyamizi akarudi nyuma, nyuma,
mkono juu,
nami, Mungu anisamehe,
nikaiombea glavu yangu mwenyewe ipasuke.

Uzi ukashika.

Kombe likapanda basi, kwenda Tabora.
Akanirushia glavu kupitia dirishani:
"Yenu hii, dada."
Nikatembea nayo mkononi hadi Temeke,
ndani bado ya moto.