Mafuta ya Sikujua

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
alfajiri, bucha halijafagiwa,
natundika mapaja mawili, bega kwa bega.

La kushoto ni la dume kijana, Borani wa Handeni,
miaka miwili na ushei,
muhuri wa bwana afya bado mbichi.
Mafuta yake meupe pe, magumu kama mshumaa;
ukiyabonyeza, yanakurudishia kidole.
Hoteli za Raskazone huyapenda hayo.
Yanakaa sahanini, hayasemi neno.

La kulia ni la Sikujua,
ng'ombe wa Bi Mwanahamisi Shekue wa Pongwe.
Mama zebu, baba Jezi, mbegu ya chupa.
Ndama tisa, miaka kumi na minne,
maziwa yaliyosomesha watoto watatu
na kuezeka nyumba moja kwa bati.
Mwaka huu kiwele kilikauka.

Mafuta yake ni manjano,
manjano ya samli, ya kiini cha yai la kienyeji:
majani ya masika kumi na nne
yaliyojificha
mahali mkono wa mkamuaji haufiki.

Wateja wanakunja pua.
"Hii imelala?"
Haijalala, dada. Imeishi.

Mimi napima kwa kiganja, macho hudanganya.
Naweka vipande viwili, nahesabu.
Cha dume kimekaa tu, kaidi,
kama mgeni asiyevua viatu.
Cha Sikujua kimetoka jasho kwenye saba;
kwenye kumi na tano
ninacho kiganjani ni mafuta ya kujipaka.

Nyama yenyewe, sikufichi, ngumu.
Itakula mkaa wako, itakula na jioni yako.

Saa mbili akaingia Bi Mwanahamisi.
Nikadhani kafuata bei ya ngozi.
Akasimama mbele ya paja, akanusa,
kama anusaye kanga ya mtu aliyesafiri.
"Nikatie mafuta. Robo."
"Na nyama?"
"Meno yangu hayamuwezi.
Tumezeeka pamoja, ila yeye kanishinda
kulainika."

Nikapima, nikazidisha kidogo, nikakataa pesa.
Akaziweka juu ya gogo, kwenye damu.
"Hata yeye hakunipa bure.
Nilimlipa pumba."

Nikamfungia kwenye gazeti.
Kabla hajavuka Barabara ya Kumi na Tatu
karatasi ilikwisha kulowa, ikawa kioo,
na habari za ukurasa wa ndani
zikasomeka nje.