Ndoo ya Nyanya

Nyumba ya kijijini iliuzwa mwezi wa pili,
pamoja na banda, kisima, na matuta kumi na mawili
aliyoyapalilia nyanya yangu Velika tangu usichana.
Akaja Sofia na sanduku moja
na leso ya karatasi iliyogandana mbegu.
"Panda," akaniambia. Mimi, muuza miwani,
ambaye hata mnanaa ulinifia dirishani.

Tuna kibaraza. Ghorofa ya saba, mtaa wa Lyulin,
hatua tatu urefu, moja na nusu upana,
kinatazamana na vibaraza vya wengine.
Ardhi hakuna. Basi nikaanza kutafuta chombo.

Kwanza vikombe vya mtindi.
Miche ikachomoza, ikanyoosha shingo kioo hadi kioo,
nikajiona bwana shamba.
Nyanya akachungulia:
"Kwa kuanzia, sawa.
Lakini usije ukamfuga ndama kikombeni."

Jumamosi nikanunua chungu cha buluu,
kimenakshiwa ndege wawili, bei yake nusu ya kodi ya maji.
Akatumbukiza mkono. Ukagota
kabla kifundo hakijazama.
"Hiki cha kutazamwa," akasema. "Mzizi hauna macho."

Nikamwomba Asparuh wa duka la chini debe la jibini.
Nililiosha mara nne, chumvi ikagoma kutoka.
Nikalianika; saa nane mchana nikaligusa,
nikaurudisha mkono mbio kama mwizi.
Nyanya hakusema kitu. Alinitazama vidole.

Nikalikumbuka beseni la kuogea lililo stoo.
Tukiwa kwenye ngazi, mimi na binamu yangu Kaloyan,
tumelibeba kama jeneza la mtu mnene,
akatoka Dobromir wa ghorofa ya sita, mhandisi mstaafu,
penseli sikioni, akapiga hesabu ukutani:
udongo kilo kadha, maji kilo kadha,
kibaraza kimejengwa mwaka sabini na tisa.
"Binti," akasema, "sitaki kuamka
nyanya zako zikiwa kitandani kwangu."
Beseni likarudi stoo.

Usiku ule nikakasirika.
Kwa nini husemi tu? Miaka sitini umelima,
unaniacha nihangaike kama kuku aliyepotelewa na kiota!
Akaweka sindano zake za kufumia mezani.
"Kule sikuwahi kuchagua chombo," akasema.
"Ardhi ilikuwa pale, kama hewa.
Hata mimi ndio naanza."

Tukakaa kimya. Friji ikanguruma, ikanyamaza.

Kisha akanionyesha kwa kidevu.
Cha mvunguni; nikainama.
Ndoo mbili za rangi, nyeupe, lita ishirini kila moja,
tulizopakia chumba chake alipokuwa anakuja.
Alikuwa amezijaza nyuzi za sufu.
Akazitoa fundo moja moja, akazipanga juu ya mto,
akatumbukiza mkono:
kifundo, kigasha, kiwiko.
Hapo akatabasamu.

Kekee tuliazima kwa Dobromir,
akaja nayo mwenyewe, akaja pia na ushauri.
Nyanya akahesabu matundu kitakoni mwa ndoo,
la nane akasema basi.
"Hata wewe hungelala majini."
Tukaziinua juu ya vipande vya mbao, maji yapate njia.
Mche mmoja kila ndoo. Nililia kidogo
kwa ile iliyobaki vikombeni; tukamgawia Asparuh.

Mwezi wa nane likaiva tunda la kwanza,
la waridi, zito, limepasuka bega.
Akalikata juu ya kiganja, akanyunyiza chumvi,
akatafuna polepole huku akitazama majengo.
"Umelimwagia maji mno."
Nikainamisha kichwa.
Akalamba kidole gumba.

"Yule Asparuh," akasema, "amepaka rangi duka lake.
Kamuulize ndoo ameziweka wapi.
Mwakani hizi mbili hazitatosha."