Tangawizi Haina Haraka

Chupa kumi na moja zi chini ya ngazi, Al-Khoudh.
Shemeji Muhenna kazifunika kwa kanga ya mkewe,
na tangawizi inajisemea humo, polepole.

Haina haraka. Basi naye hutafuta la kufanya:
kafungua saa ya ukutani iliyokata kauli tangu Ibra,
kapanga skrubu juu ya gazeti, kapoteza moja.
Kaunga tawi la mchungwa kwenye mndimu.
Kamsuta paka.
Jana katoa ubao wa bao, kacheza peke yake,
akafungwa.

Usiku wa sita, pu! Chupa imepasuka.
Zuwena, kutoka chumbani:
“Saa ishapona?”

Asubuhi anadeki ngazi inayonata nyayo,
na ile skrubu, hii hapa,
imeng'ang'ania tambara.