Vifungo Vitano

Tulilinunua kwa dola nne, Bi. Salmela alipokuwa akiuza
vitu vyake gerejini ahamie Duluth kwa bintiye:
gitaa la plastiki, jepesi kama boksi la viatu,
shingoni vifungo vitano, cha kijani, chekundu, cha njano,
cha buluu, cha chungwa,
na kibandiko cha joka kilichokataa kubanduka.
Mahali pa nyuzi palikuwa na ulimi mmoja tu,
tak ukiushusha, tak ukiupandisha.

Mama aliusikia mara moja. "Takataka," alisema.
"Hata lenyewe linajitaja."

Januari, Hancock. Theluji imeziba madirisha ya chumba cha chini.
Baba amekaa ngazini na bia yake, anatutazama,
Baba aliyepiga gitaa la kweli
kwenye harusi za Jumamosi, kutoka hapa hadi Calumet,
mpaka msumeno wa kiwandani ulipomchukulia
kidole cha pete na kidole cha mwisho, mkono wa kushoto,
Jumanne moja, kabla ya kahawa ya saa nne.
Gitaa lile aliliuza. Hakusema kwa nani.
Miaka kumi na moja, redio ya gari ikianza wimbo
alikuwa akiizima kwa kidole gumba.

"Jaribu," Trent akamwambia. Ana miaka tisa, hajui cha kuogopa.
Baba akainua mkono kama anayeonyesha kitambulisho.
"Kuna mahali pa kuligeuza," Trent akasema,
akabonyeza, akabonyeza tena,
na kushoto ikawa kulia.

Sijui kama umewahi kuiona ile barabara ikikujia,
nukta za rangi zikishuka
kama theluji mbele ya taa za gari usiku.
Huna la kufanya ila kuzilaki moja moja.
Si kupiga muziki. Muziki ulishapigwa,
na watu waliolipwa wakaenda zao kulala.
Wewe unawafungulia mlango tu.
Ukichelewa, gitaa linakatika ndani ya televisheni,
linabaki pengo, ngoma zinaendelea bila wewe.
Ukiwahi, sauti ni yako,
na mwili hauulizi hati.

Vifungo vya shati hufungwa, vya jela hutumikiwa.
Hivi unabonyeza, na ukiwahi, unaachiwa.

Baba hakuwahi.
Alikosa kijani, alikosa njano,
alikosa vidole viwili, alikosa miaka kumi na moja,
mashine ikayahesabu makosa yote sawasawa.
Asilimia thelathini na nane. Umati wa katuni ukamzomea,
akatolewa jukwaani.
Nilidhani atarudi kwenye bia yake.
"Tena," akasema.

Na ilipoanza upya, haikukumbuka chochote.

Tena. Tena. Trent alisinzia kwenye zulia.
Mara ya saba, au ya nane, Mama akashuka na kapu la nguo,
akachukua rimoti, akazima sauti
ili aseme jambo kuhusu bili ya gesi.
Baba hakusimama.
Tukasikia kilichobaki chumbani:
tak, tak-tak, tak,
plastiki tupu, kama mtu anayekata kucha gizani.
Nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

Mama alikuwa ameshafungua kinywa.
Kisha akautazama mguu wa Baba, wa kulia,
soksi ya kijivu iliyotoboka kisiginoni,
ukigonga sakafu ya saruji,
ukiwahi, ukiwahi, haujakosa hata mara moja.
Mguu ule aliufahamu. Aliwahi kuuchezea
kabla sisi hatujazaliwa.

Akaweka kapu chini, na rimoti juu ya mataulo.
Sauti hakuirudisha.
Alisimama tu pale, kidevu kikimwitikia
wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Bili ya gesi ililipwa Machi, kwa kuchelewa.