Tangi Lililolewa

Wiki tatu nilikuwa nyumbani, nikimzika baba.
Pikipiki niliiacha Kangemi, chini ya ngazi,
nimeifunika kwa gunia, mafuta nusu tangi,
nikaikabidhi kwa mvua ya Aprili na mama wa chumba namba mbili.

Niliporudi ikakataa.
Nikapiga kiki hadi kisigino kikafa ganzi.
Ikakohoa mara moja, kama mzee anayeombwa karo,
ikanyamaza.

Mwololo fundi hakuuliza mengi.
Alifungua kifuniko, akanusa, akanitazama:
"Ambetsa, si ulisema umeacha?"
Nimeacha. Mwaka wa pili huu.
"Basi anayekunywa ni huyu."

Akamimina mafuta kwenye chupa ya soda,
akaiweka juani, juu ya ukuta.
Juu petroli, njano kama strungi ya asubuhi;
chini maji mazito yenye ukungu;
na katikati mstari, mnyoofu,
kama pazia katika chumba cha wawili wasiosemezana.

"Wamechanganya na spiriti," akasema, "ya miwa.
Na spiriti haikai bila maji.
Isipoyapata chini itayavuta hewani,
kisha yanashuka, yanatulia, yanakula chuma."
Akamulika ndani kwa tochi ya simu.
Kutu tupu, nyekundu,
rangi ya udongo tuliomfukia nao baba.

Miwa!
Nilicheka hadi mteja mwingine akageuka.
Baba aliilima miaka thelathini
na kiwanda kikamlipa kwa karatasi.
Risiti alizipanga ndani ya mkebe wa biskuti, nimezikuta juzi;
panya wamezisoma kunishinda.
Mimi niliikimbia: panga, majani yanayochanja shingo.
Nikaja mjini, nikailewa, nikaiacha tena.
Haikukata tamaa.
Imenifuata kwa lori, usiku,
hadi pampu ya Waiyaki Way,
ikaingia tangini kwa pesa yangu mwenyewe.

Tulitia kokoto na siki, tukaziba mdomo,
tukalitikisa kwa zamu, likilia kama kayamba bovu.
Maji yakatoka mekundu, tena mekundu, kisha kahawia.
Kule nyuma, karibu na mshono,
Mwololo akagusa kwa bisibisi.
Bisibisi ikapita.

Tundu dogo. Punje ya mtama.
Mkopo umebaki miezi saba.

"Nitaliziba kwa gundi ya chuma," akasema,
"lakini usilaze mafuta tena hivyo.
Jaza hadi shingoni, ama liache kavu.
Nusunusu ndiyo inayoua."

Aliyewahi kuacha chupa anaujua ushauri huo.
Nikaitikia kwa kichwa,
nikatia mkono mfukoni,
nikamlipa nusu.